Kumbukumbu ya Kazi Katika Picha: Viwanda vya Zamani vya Nguo na Mkono wa Mchoraji Mstaafu

Iko picha moja ambayo wanaushirika wa nchi nyingi wameiona, ama ukutani mwa ofisi ama katika vitabu vya mafunzo. Inaonyesha wazee 13 wa Rochdale, Uingereza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichofungua duka lake katika mtaa wa Toad Lane tarehe 21 Desemba, 1844. Picha hiyo ilipigwa mwaka 1865. Baadhi ya wazee wameketi na wengine wamesimama, wote wakiwa katika makoti ya heshima. Miongoni mwa waanzilishi wa Rochdale walikuwamo wafumaji wa flaneli. Lakini katika picha hiyo hamna mtambo wa kufumia, wala uzi, wala vumbi la kiwandani. Hamna mwanamke hata mmoja. Dunia ya ushirika imepata nyuso za wazee hao, lakini kazi iliyowachosha hata wakaamua kuungana haikupata picha.

Pengo la namna hiyo liko pia katika kumbukumbu za vyama vingi vya msingi. Leja zipo, mihtasari ya mikutano ipo, stakabadhi zipo. Lakini jinsi kazi yenyewe ilivyotendeka haikuandikwa popote. Makala haya yanaeleza jinsi mchoraji aliyestaafu, akiwa na chombo cha kisasa cha kuchorea, awezavyo kuiokoa kumbukumbu hiyo, na masharti yanayopasa kutimizwa ili michoro yake iaminike. Mfano uliochaguliwa ni viwanda vya zamani vya nguo, hasa vya Lancashire, kwa sababu huko ndiko ushirika wa Rochdale ulikozaliwa, na kwa sababu wakulima wa pamba wanajua jinsi zao lao linavyoanza lakini wachache wameona linavyoishia.

KAZI ILIVYOKUWA KIWANDANI

Pamba iliwasili Lancashire ikiwa katika marobota, yaliyoshushwa zaidi katika bandari ya Liverpool. Marobota yalifunguliwa, pamba ikapigwa ili itoe takataka, ikachanwa ili nyuzi zake zilale upande mmoja, kisha ikavutwa mara nyingi hadi ikawa kamba laini iliyo tayari kusokotwa.

Mashine iliyotawala usokotaji ilibuniwa na Samuel Crompton wa Bolton mwaka 1779. Iliitwa nyumbu, kwa kuwa ilichanganya ubunifu wa mashine mbili zilizoitangulia, kama nyumbu azaliwavyo na punda na farasi. Sehemu yake moja ilikuwa gari refu lenye magurudumu, lililobeba vijiti vya kusokotea. Gari lilitoka kiasi cha mita moja na nusu, likiuvuta na kuusokota uzi, kisha likarudi huku uzi ukizungushwa katika vijiti. Mwishoni mwa karne ya 19 nyumbu mmoja aliweza kuwa na vijiti zaidi ya 1,000. Msokotaji na wasaidizi wake walikwenda miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa mafuta, katika joto kali, wakiunga nyuzi zilizokatika bila ya mashine kusimama. Katika nyakati za mwanzo mtoto mdogo alitambaa chini ya nyuzi kuokota pamba iliyoanguka, naye ilimpasa kutoka kabla gari halijarudi. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, ikaweka na wakaguzi wa kuisimamia.

Kufuma kulifanyika katika mabanda makubwa ya chini, yenye paa la meno kama msumeno. Vioo vya paa vilielekezwa kaskazini ili mwanga uwe sawa mchana kutwa bila ya jua kuwapiga wafanyakazi machoni. Mitambo mamia ilipangwa kwa safu, kila mmoja ukizungushwa kwa mkanda wa ngozi ulioshuka kutoka shafti ndefu iliyokuwa juu, na shafti zote zikizungushwa na injini moja ya mvuke. Nyuzi za urefu, yaani mtande, zilifunguka juu na chini. Nao uzi wa upana, yaani mshindio, ulipitishwa katikati na chombo kidogo cha mti chenye ncha mbili, kilichorushwa huku na huku yapata mara 200 kwa dakika. Mfumaji mmoja aliangalia mitambo minne, na pengine sita. Wafumaji wengi walikuwa wanawake.

Makelele yalikuwa makubwa hata sauti ya mtu haikusikika. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa kutengeneza maneno kwa midomo bila ya sauti, na mwenzao aliyesimama safu ya tatu aliyasoma. Wengi walipoteza uwezo wa kusikia kabla ya uzee. Ili nyuzi zisikatike, mvuke ulipulizwa ndani ya banda hadi hewa ikawa nzito. Wafumaji walilalamika, na mwaka 1889 ikatungwa sheria ya kuweka mipaka ya unyevu huo. Kubadili uzi, mfumaji aliweka mdomo wake penye tundu la kile chombo cha mshindio na kuuvuta uzi kwa pumzi, na chombo hicho hicho kikatumiwa na midomo ya wengine. Hatari ya kuambukizana magonjwa ilikuwa dhahiri, na jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliikataza desturi hiyo mwaka 1911. Vumbi la pamba nalo liliwaletea waliofanya kazi ya kuchana ugonjwa wa mapafu, uliozidi siku ya Jumatatu baada ya mapumziko.

Mambo haya yote ni ya mwili: mguu ulivyokanyaga, mdomo ulivyotamka, mtoto alivyoinama. Ni vigumu kuyakuta katika leja.

PICHA ZA ZAMANI NA UPANDE ZILIKOTAZAMA

Isidhaniwe kwamba viwanda hivyo havikuchorwa kabisa. Mwaka 1835 Edward Baines alitoa kitabu cha historia ya utengenezaji wa nguo za pamba Uingereza, chenye picha za ndani ya kiwanda. Katika picha ya usokotaji ukumbi ni mpana, sakafu ni safi, na mtoto yumo chini ya nyuzi kama sehemu ya utaratibu mwema. Mwaka 1840 ilikamilika riwaya ya Frances Trollope juu ya mtoto wa kiwandani, nayo ilikuwa na picha zake. Humo watoto wamekonda na nguo zao zimeraruka. Mashine ni zile zile. Kilichotofautiana ni kusudi: kitabu cha kwanza kilisifu maendeleo ya viwanda, na cha pili kilitaka sheria ibadilishwe. Mtazamaji asiyejua kusudi la kila picha aweza kuamini moja na kuikana nyingine, hali zote mbili zahitaji kuhojiwa.

Kamera ilipokuja haikumaliza tatizo. Kamera za mwanzo zilihitaji mwanga mwingi na vitu vilivyotulia, na kiwanda kilikuwa na vumbi na mwendo. Mara nyingi mitambo ilisimamishwa, wafanyakazi wakapangwa mstari wakitazama mbele. Picha za namna hiyo zinaonyesha watu waliokuwapo, lakini hazionyeshi walichokuwa wakifanya.

Aliyetoa mfano mwema ni Lewis Hine, Mmarekani aliyeajiriwa mwaka 1908 na kamati ya taifa iliyopinga kuajiriwa kwa watoto. Aliwapiga picha watoto katika viwanda vya nguo vya majimbo mengi. Akijua kwamba wenye viwanda wangemwita mwongo, aliandika kwa kila picha mahali, tarehe, na kila aliloweza kulipata juu ya jina, umri na kazi ya mtoto. Alikipima kimo cha mtoto kwa kulinganisha na vifungo vya koti lake mwenyewe, ambavyo urefu wake toka ardhini alikuwa ameujua tayari. Hivyo picha yake ilikuwa ushahidi kwa sababu ilifuatana na maandishi yaliyoweza kukaguliwa.

Katika Lancashire yenyewe mchoraji aliyejulikana kuliko wote kwa maisha ya viwanda ni L. S. Lowry, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1976. Kwa miaka mingi alikuwa mkusanya kodi za nyumba, kazi aliyostaafu mwaka 1952, na michoro yake aliifanya jioni na usiku. Alionyesha umati wa watu wadogo wembamba wakiingia na kutoka kazini chini ya mabomba ya moshi. Mfano ni picha yake ya mwaka 1930 ya watu watokao kiwandani. Lakini Lowry alisimama zaidi nje ya lango. Yaliyotendeka baada ya lango kufungwa hayamo katika picha hizo.

MCHORAJI MSTAAFU NA KISHIKWAMBI

Uhaba wa picha za ndani ulizidi kuwa hasara pale viwanda vilipoanza kufungwa. Mwaka 1959 Serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kuwalipa fidia wenye viwanda vya pamba walioharibu mashine zao za ziada, na mashine kwa maelfu zikavunjwa kuwa chuma chakavu. Kiwanda cha Queen Street, huko Harle Syke karibu na Burnley, kiliendelea kufuma kwa injini ya mvuke hadi mwaka 1982. Kilikuwa mali ya kampuni ya hisa iliyoanzishwa na watu wa mahali hapo, nacho kimehifadhiwa kuwa makumbusho pamoja na injini na mitambo yake. Vingi vingine havikubahatika.

Hapo ndipo nafasi ya mchoraji mstaafu inapoonekana. Mtu wa namna hiyo ana mambo mawili ambayo kijana hana: muda, na macho yaliyoiona kazi ya zamani au yaliyoishi na walioifanya. Asichonacho mara nyingi ni nguvu za kusimama mbele ya turubai kubwa, au fedha za rangi. Kishikwambi kimeondoa kikwazo cha kusimama, na kinatumika miaka mingi bila ya kununua rangi. Ni chombo cha aina ile ile kilichotumiwa na makarani wa sensa ya watu na makazi nchini Tanzania mwaka 2022: kioo bapa kinachoshikwa mkononi. Kikiwekewa programu ya kuchorea, kidole au kalamu maalumu huacha alama kama penseli, wino au brashi. Mchoraji aweza kuketi kitini na kuipanua sehemu ndogo ya mchoro hata macho dhaifu yaione.

Umri si kizuizi. David Hockney, mzaliwa wa Bradford, mji uliosifika kwa nguo za sufu, alianza kuchora kwa chombo cha namna hiyo mwaka 2010 akiwa amepita miaka 70. Yeye alichora zaidi miti, maua na barabara za mashambani. Lakini michoro yake imeonyeshwa katika Salts Mill, kiwanda cha sufu kilichofunguliwa mwaka 1853 na kuacha kazi mwaka 1986.

Sifa kubwa ya uchoraji huu kwa kumbukumbu za kazi ni matabaka. Mchoro hautengenezwi juu ya karatasi moja, bali kama juu ya vioo vingi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tabaka la kwanza laweza kuwa jengo, yaani nguzo, paa na madirisha, likifuatishwa kutoka picha ya zamani. La pili ni mtambo, uliopimwa katika makumbusho. La tatu ni watu. La nne ni mwanga, mvuke na vumbi. Kila tabaka laweza kufichwa, kufutwa au kusahihishwa bila ya kuyagusa mengine. Aidha, mchoraji aweza kuuondoa ukuta au kifuniko cha mashine ili mtazamaji aone kilichokuwa ndani, jambo lisilowezekana kwa kamera.

MASAHIHISHO YA WALIOIFANYA KAZI

Ubora wa mchoro wa kazi hupimwa na yule aliyeifanya. Kwa hiyo mchoraji mwaminifu hupeleka rasimu kwa mfumaji au msokotaji mzee na kumwomba aikosoe. Mzee huyo hatasema kama picha ni nzuri au mbaya. Atasema kwamba mkono wa kushoto haukukaa pale, kwamba viatu vile havikuvaliwa kwenye chumba cha kusokotea, kwamba mkanda ulipita upande wa pili, au kwamba mwanamke asingefunga nywele hivyo karibu na shafti, kwa kuwa angekufa. Mchoraji hulifungua tabaka linalohusika, akasahihisha hapo hapo, akamwonyesha tena. Katika karatasi na rangi masahihisho kama hayo yangeharibu kazi ya wiki nzima.

Hata hivyo wepesi huo una hatari yake. Katika daftari la fedha kosa hukatwa kwa mstari mmoja, rakamu ya zamani ikibaki ikisomeka, na mwenye kusahihisha akatia sahihi. Mchoro wa kompyuta waweza kubadilishwa pasipo alama yoyote. Mtu aweza kumfuta mtoto aliyekuwa chini ya mashine, au kumwongeza ambaye hakuwapo, na mtazamaji asijue. Kwa sababu hiyo kila hatua muhimu ya mchoro ihifadhiwe kama nakala ya pekee yenye tarehe, na kila picha ifuatane na maelezo yanayotenganisha mambo matatu: yaliyoonwa na mchoraji mwenyewe, yaliyoshuhudiwa na mfanyakazi, na yaliyokisiwa kwa kukosa shahidi. Mchoro usio na maelezo hayo ni pambo la ukuta tu; usihesabiwe kuwa kumbukumbu.

YASIYOONEKANA KATIKA PICHA

Yafaa pia ieleweke kwamba picha haijitoshelezi. Wanaushirika wa Rochdale waliingia katika biashara ya kiwanda mwaka 1854, wakaanzisha chama cha utengenezaji kilichokuja kuendesha kiwanda cha Mitchell Hey. Utaratibu wao wa awali uliwapa wafanyakazi sehemu ya faida juu ya mishahara yao. Lakini wanunuzi wa hisa waliongezeka, wengi wao hawakufanya kazi kiwandani, na mwaka 1862 kura zao ziliiondoa haki hiyo. Mchoraji angekwenda Mitchell Hey kabla na baada ya kura ile, angechora mashine zile zile na wafumaji wale wale. Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa katika karatasi, si katika banda. Picha hueleza jinsi kazi ilivyofanywa. Muhtasari wa mkutano hueleza nani alinufaika. Chama kinachotaka kujijua hakina budi kuvitunza vyote viwili.

JAMBO HILI NA VYAMA VYA MSINGI

Uhusiano wa viwanda hivyo na Afrika Mashariki ni wa siku nyingi. Nguo iliyoitwa merikani na watu wa pwani ilipata jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani, ikiletwa Unguja katika karne ya 19 na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Katika viwanda vya jimbo hilo, kama vya mji wa Lowell, wafanyakazi wengi wa mwanzo walikuwa wasichana waliotoka mashambani. Jina la nguo limeingia katika Kiswahili. Wasichana hao hawajulikani na waliovaa kazi yao.

Nchini Tanzania wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunda shirikisho la vyama vikuu, Victoria Federation, mwaka 1955. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na kila mara mali inapohama mikono, karatasi huwa hatarini. Kijana aliyeingia kiwandani mwaka 1968 akiwa na miaka 20 sasa anakaribia 80. Hali ni hiyo hiyo kwa waliopima pamba katika maghala ya chama, waliolisha mashine za kuchambulia, na walioshona magunia. Wanapofariki hakuna awezaye kusahihisha mchoro.

Kwa hiyo kamati na makatibu wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Iandaliwe orodha ya wazee waliofanya kazi katika ghala, kiwanda au mizani ya chama, pamoja na kazi na miaka ya kila mmoja. Walio wazee zaidi au wagonjwa waanzwe.

2. Atafutwe mchoraji aliye karibu. Mwalimu mstaafu wa sanaa, mwandishi wa mabango au fundi seremala ajuaye kuchora atafaa. Pasipokuwa na kishikwambi, penseli na karatasi zitumike. Kazi isingojee chombo.

3. Ichorwe hatua moja ya kazi kwa wakati mmoja: kupokea mazao, kupima, kuandika stakabadhi, kufunga robota. Picha ya jengo kwa nje ije mwisho.

4. Kila mchoro ukaguliwe na watu wasiopungua wawili walioifanya kazi hiyo, kila mmoja kwa wakati wake. Wakitofautiana, maelezo ya wote wawili yaandikwe.

5. Chini ya kila mchoro paandikwe mahali, mwaka unaohusika, tarehe ya kuchorwa, jina la mchoraji, na majina ya mashahidi kwa idhini yao.

6. Makubaliano juu ya mwenye haki ya michoro, na namna chama kitakavyoitumia, yaandikwe na kutiwa sahihi kabla kazi haijaanza, kisha yaingizwe katika muhtasari wa kamati.

7. Nakala za kompyuta zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na kila mchoro uliokamilika uchapwe katika karatasi na kuwekwa katika jalada la chama. Kompyuta huharibika na programu hubadilika. Karatasi iliyotunzwa vema husomeka bila ya umeme.

Gharama za shughuli hii ni ndogo zikilinganishwa na gharama nyingi za chama, na hakuna sababu ya kuiahirisha hadi mkutano mkuu ujao iwapo kamati ina uwezo wa kuidhinisha. Wazee wa Rochdale walipopigwa picha mwaka 1865 walikuwa bado wanaweza kusimulia na kusahihisha. Mchoraji angaliwauliza siku ile mtambo wao ulikaaje na mikono yao ilipita wapi, wanaushirika wa leo wangalikuwa na jibu. Kwa wazee wa vyama vya msingi, swali hilo bado linaweza kuulizwa.